Mwitaliano aliyeshinda Safari mara mbili: majibu ya maswali yenu kuhusu Miki Biasion

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulichapisha picha moja ya zamani: gari jeupe aina ya Lancia Delta Integrale, lenye mistari ya bluu na nyekundu ubavuni, likitoka kwenye dimbwi la tope katika mashindano ya magari ya Safari, huko Kenya, mwaka 1988. Chini ya picha tuliandika kwamba dereva alikuwa Massimo Biasion, Mwitaliano ambaye wengi humwita Miki, na kwamba ndiye aliyeshinda. Hatukuandika zaidi ya hapo. Barua zilizoletwa tangu siku hiyo zimetuonyesha kwamba tulifanya vibaya kuishia hapo, kwa hiyo ukurasa mzima wa leo ni wake.

*Mwanangu mhariri, mimi ni mzee wa miaka 78, mkazi wa Magomeni tangu kabla ya Uhuru. Enzi zetu Safari ilikuwa inapita hadi huku kwetu, nasi vijana tulikuwa tunakesha kando ya barabara kuyasubiri magari. Bert Shankland tulimhesabu kuwa wetu. Huyu Biasion simjui. Alitoka wapi, na kwa nini hatukumwona huku?*
– Mzee wa Magomeni

Shikamoo mzee wangu. Hukumwona kwa sababu alipoanza kuja Afrika Mashariki, Safari ilikuwa imekwisha kuondoka kwetu. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka ishirini na zaidi yakawa yanazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye ikawa Tanzania. Shankland, aliyekuwa mkazi wa hapa nchini, aliyashinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiendesha Peugeot 404, msoma ramani wake akiwa Chris Rothwell, na hiyo heshima unayoikumbuka aliistahili. Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yakabaki Kenya peke yake, na wakati huo Biasion alikuwa bado kijana ambaye hajatimiza miaka ishirini.

Alizaliwa tarehe 7 Januari 1958 katika mji wa Bassano del Grappa, kaskazini mashariki mwa Italia, mahali ambapo nchi tambarare inaishia na milima inaanza. Alianza kushindana mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa magari ya Opel, na msoma ramani aliyekaa naye karibu maisha yake yote ya ushindani alikuwa Tiziano Siviero, ambaye habari zake zinafuata chini kidogo. Jina lake lilipanda mwaka 1983. Akiwa na miaka 25, alitwaa kwa mkupuo mmoja ubingwa wa rali wa Italia na ubingwa wa Ulaya, akiendesha Lancia 037 ya timu ya Jolly Club, ambayo ilikuwa timu binafsi iliyoshirikiana kwa karibu sana na kiwanda.

Wanaosimulia habari za Biasion huuruka mwaka huo haraka ili wafike kwenye ubingwa wake wa dunia wa mwaka 1988 na 1989, nami naona ni kosa. Lancia 037 ilikuwa inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, wakati ambapo Audi walikwisha kuleta gari linalovutwa na magurudumu yote manne. Gari la namna hiyo halimvumilii dereva anayekanyaga mafuta kabla ya wakati, kwa sababu akikosea sekunde moja tu kwenye kona ya changarawe, mkia wa gari humtangulia. Hiyo ndiyo shule aliyosoma Biasion kabla hajapewa gari la nguvu zaidi, na dalili za shule hiyo zilionekana Kenya miaka mitano baadaye.

*Ndugu mhariri, nimesikia kwamba mwaka 1986 madereva walikufa katika gari la Lancia na mashindano yakabadilishwa sheria. Je, Biasion alikuwepo? Mtu anawezaje kurudi kwenye gari lile lile lililomuua mwenzake?*
– Mwanafunzi wa chuo, Mbezi

Alikuwepo, na alikuwa wa timu hiyo hiyo. Mwaka 1986 ndio mwaka aliojiunga rasmi na timu ya kiwanda cha Lancia, na gari alilokabidhiwa lilikuwa Delta S4: injini ilikuwa nyuma ya viti, ikisukumiwa hewa kwa tabo na kwa mtambo wa pili unaozungushwa na injini yenyewe, nguvu zake zikizidi za farasi 400, na tangi za mafuta zikiwa chini ya viti vya dereva na msaidizi wake. Magari hayo yaliitwa ya Kundi B, na sheria zake ziliwaacha wahandisi watengeneze karibu chochote walichotaka.

Tarehe 2 Mei 1986, katika kisiwa cha Corsica, Henri Toivonen wa Finland na msoma ramani wake Sergio Cresto walitoka nje ya barabara kwenye kona ya kushoto, gari likaporomoka bondeni na kuwaka moto, wote wawili wakafariki. Mwaka mmoja kamili kabla ya hapo, tarehe kama hiyo hiyo na katika kisiwa hicho hicho, Attilio Bettega, Mwitaliano mwingine wa Lancia, alikuwa amefariki akiendesha 037. Baada ya kifo cha Toivonen, wasimamizi wa mchezo waliamua kwamba kuanzia mwaka 1987 magari ya Kundi B yasishindanie tena ubingwa wa dunia.

Lakini msimu wa 1986 ulikuwa bado haujaisha, na waliobaki waliendelea kuyaendesha yale yale. Mwezi Agosti, huko Argentina, Biasion alishinda rali yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia, na alishinda ndani ya Delta S4. Unauliza mtu anawezaje. Sitajifanya kujua yaliyokuwa moyoni mwake. Ninachoweza kukueleza ni kwamba kwa dereva wa kulipwa wa wakati ule kukataa kupanda gari kulikuwa na maana ya kumwachia mwingine kiti, na kwamba wapo waliokuwa wakisema wazi kuwa magari yale yamewazidi nguvu wanadamu. Ushindi wa Argentina huandikwa kwenye vitabu kama mwanzo wa furaha. Mimi siwezi kuusoma bila kukumbuka Corsica, miezi mitatu tu nyuma yake.

*Mheshimiwa mhariri, mimi ni fundi makenika, kazi nimeifanya Gerezani miaka kumi na tisa. Naijua Delta kwa picha tu, na kwa macho yangu ni gari dogo la familia. Gari kama hilo liliwezaje kumaliza Safari, tena likiwa la kwanza, miaka miwili mfululizo? Naomba unieleze kifundi, usinipe sifa tu.*
– Fundi wa gereji, Gerezani

Fundi, umeona sawasawa: lilikuwa gari dogo la familia, na sababu yake ni ile sheria mpya. Kuanzia mwaka 1987 magari ya ubingwa yalikuwa ya Kundi A, ambalo lilitaka kiwanda kiwe kimetengeneza magari 5,000 ya aina hiyo kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida. Lancia walikuwa na bahati ya kuwa na Delta ndogo yenye injini ya lita mbili na tabo, inayovutwa na magurudumu yote manne, wakati washindani wengi walikuwa hawana gari la namna hiyo. Gari la kwanza, la mwaka 1987, lilikuwa na shida utakayoielewa upesi: nafasi ya magurudumu chini ya mbawa (madigadi) ilikuwa finyu, kwa hiyo haikuwezekana kufunga tairi pana wala breki kubwa. Mwaka 1988 wakaleta Integrale, ambayo mbawa zake zilivimbishwa nje, na hapo tairi na breki kubwa zaidi zikapata mahali pa kukaa. Gari la dukani lilikuwa na nguvu za farasi 185, la mashindano lilizidi hapo kwa mbali.

Ufundi mkubwa ulikuwa kwenye difu, yaani mtambo unaogawa nguvu ya injini kwa magurudumu. Gari lilikuwa na difu tatu: ya mbele, ya nyuma, na moja katikati iliyogawa nguvu, asilimia 56 mbele na 44 nyuma. Hiyo ya katikati ilifungwa pamoja na kikombe chenye visahani vingi vinavyozunguka ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele au ya nyuma yakiteleza na kuanza kuzunguka mbio kuliko mengine, mafuta yale hupata joto na kukaza, visahani vikakokotana, na nguvu ikahamia kwenye magurudumu yaliyoshika ardhi. Kwenye tope la masika hicho ndicho kinachoamua kama gari litatoka au litasubiri kusukumwa, na wewe unajua kwamba Pasaka, ambayo ndiyo ilikuwa siku za Safari, huangukia msimu wa masika.

Hata hivyo, difu pekee haimalizi Safari. Mashindano ya wakati ule yalikuwa ya maelfu ya kilomita kwenye barabara ambazo hazikufungwa, zenye mabasi, malori, ng'ombe na watoto wanaotoka shule, na adui mkubwa wa gari alikuwa mawe na mashimo yanayojirudia saa baada ya saa. Kwa ajili ya barua yako nilikwenda wiki iliyopita kwenye gereji moja Ilala. Fundi alikuwa ameweka juu ya gunia shokapu ya gari lililorudi kutoka safari ndefu ya barabara ya vumbi. Bomba lake lilikuwa limelowa mafuta meusi yaliyoshikana na mchanga. Akaisimamisha, akaibonyeza fimbo yake kwa kidole gumba; ikazama mpaka mwisho bila kupinga, na haikurudi. Kisha akachukua nyingine mpya, akaniambia nibonyeze mwenyewe. Niliilalia kwa uzito wangu wote, nayo ikashuka polepole kama mtu anayekataa kuamshwa.

Tofauti ya shokapu hizo mbili ndiyo Safari yenyewe. Shokapu ikipigwa mfululizo, mafuta yaliyo ndani hupata moto, huwa mepesi na kujaa povu, na hapo haizuii kitu tena. Gurudumu huanza kurukaruka, springi hupigwa hadi mwisho, na kinachofuata ni kuvunjika kwa mikono ya chini au kupasuka kwa bodi. Timu ilipeleka magari ya kubeba vipuri, helikopta zilizotangulia juu na kumwonya dereva kwa redio akiwepo mnyama au basi mbele, na mafundi wanaoweza kubadilisha shokapu kwa muda ambao wewe unautumia kutafuta jeki. Mbele ya gari walifunga vyuma vya kukinga wanyama. Lakini kati ya kituo kimoja cha mafundi na kingine, dereva alibaki peke yake na joto la shokapu zake, na aliyekuwa akienda kasi kila mahali alifika kituoni akiwa na gari bovu, au hakufika.

Hapa ndipo ninapomwona Biasion halisi. Mwaka 1988 alimaliza mbele ya Mike Kirkland wa Kenya, aliyekuwa na Nissan 200SX, dereva aliyezijua barabara hizo tangu muda mrefu. Mgeni hamshindi mwenyeji wa namna hiyo kwa kukimbia tu. Humshinda kwa kujua mahali pa kupunguza: kuvuka korongo kwa gia ya pili ingawa gia ya tatu ingeingia, kulipita jiwe ambalo gari lingeweza kulipanda, ili saa nne baadaye shokapu ziwe bado zinapinga. Kasi ya dereva mwenye kipaji huonekana na kila mtu. Uamuzi wa kuizuia kasi hiyo, kilomita baada ya kilomita, huonekana tu kwenye hali ya gari likifika mwisho, na nyinyi mafundi ndio mnaoweza kuusoma.

*Mhariri, sikubaliani na sifa mnazompa. Miaka hiyo Lancia walikuwa wakishinda kila mahali. Dereva yeyote mzuri angekuwa bingwa akipewa gari lile.*
– Mkazi wa Tabata

Nusu ya hoja yako ni ya kweli na ninaikubali. Lancia walichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji miaka sita mfululizo, kuanzia 1987 hadi 1992. Mwaka 1987 nafasi tatu za kwanza za madereva zilikuwa zao peke yao: Juha Kankkunen pointi 100, Biasion 94, Markku Alén 88. Biasion alishinda rali tatu mwaka huo, za Monte Carlo, Argentina na Sanremo, na bado akaukosa ubingwa kwa pointi sita tu, ukaenda kwa mwenzake wa timu. Mwaka huo, kwa kweli, gari lilikuwa limewazidi wote.

Lakini angalia yaliyofuata. Mwaka 1988 Biasion alishinda rali tano, akamaliza na pointi 115, naye Alén, ndani ya gari hilo hilo, alikuwa na 86. Mwaka 1989 alishinda tano nyingine, akawa na pointi 106, na aliyemfuata, Alex Fiorio, pia wa Lancia, alikuwa na 65. Kama gari ndilo lililoshinda, mbona halikuwasogeza wengine hadi karibu naye? Mwaka huo wa 1989 alishinda Monte Carlo mwezi Januari, kwenye barabara za milimani zenye barafu, akashinda Ureno, kisha kabla ya mwezi Machi kwisha akashinda Safari kwa mara ya pili. Dereva aliyetoka kwenye barafu na kuingia kwenye tope la Afrika Mashariki katika kipindi kama miezi miwili, na kote akawa wa kwanza, ana kitu ambacho kiwanda hakiwezi kumfungia kwa spana.

Tena kuna jambo ambalo Waitaliano wenyewe hawalisahau. Lancia waliwahi kuwa mabingwa wa dunia mwaka 1974, wakaja Safari na Stratos, gari la ajabu katika wakati wake, na madereva wakubwa. Mwaka 1975 Sandro Munari alimaliza wa pili. Mwaka baada ya mwaka Safari iliwakatalia, mpaka alipokuja huyu. Biasion ndiye Mwitaliano wa kwanza kuishinda, na ushindi huo ulikuwa wa kwanza kwa Lancia pia. Hadi leo hakuna Mwitaliano mwingine aliyepata ubingwa wa dunia wa madereva wa rali.

Nitakurudishia kitu kimoja kwa haki. Mwaka 1992 alihamia Ford, akakaa huko misimu mitatu, na katika misimu hiyo alishinda mara moja tu, rali ya Acropolis ya Ugiriki mwaka 1993, akiendesha Escort RS Cosworth. Kwa hiyo gari bora lilimbeba, sitakataa. Ila zingatia ni rali gani hiyo moja. Acropolis ni ya mawe makali na joto, nayo aliishinda pia mwaka 1988 na 1989. Katika mara 17 alizoshinda kwenye ubingwa wa dunia, mara tano zilikuwa Safari na Acropolis, sehemu mbili zinazovunja magari kuliko nyingine zote, wakati rali ya Finland, inayotaka kasi tupu na kuruka vilima, hakuishinda hata mara moja. Hesabu hiyo inanieleza mengi juu ya mikono yake.

*Shikamoo mhariri. Mimi nina miaka 15 na napenda sana langalanga. Kwa nini Biasion hakuendesha Ferrari kama ni Mwitaliano?*
– Kijana wa Kigamboni

Marahaba mwanangu. Langalanga, yaani mbio za Formula One, na rali ni kazi mbili tofauti, ingawa zote ni za usukani. Dereva wa langalanga huzunguka njia ile ile mara nyingi mpaka anaijua kama chumba chake. Dereva wa rali hukutana na kona mara moja, pengine usiku, pengine kwenye ukungu, na mvua ikinyesha kona ile huwa si ile aliyoiona alipokuwa akifanya mazoezi. Italia imetoa mabingwa wa langalanga, Giuseppe Farina mwaka 1950 na Alberto Ascari mwaka 1952 na 1953, huyo wa pili akiwa na Ferrari. Biasion alichagua barabara za watu.

*Mpendwa mhariri, kila mahali anatajwa dereva. Mimi ni mwanamke na ningependa kuwa msoma ramani katika mashindano ya hapa nyumbani. Huyo Siviero alikuwa akifanya nini hasa, na je, alipata chochote katika sifa hizo?*
– Dada wa Kimara

Dada, swali lako nimelifurahia kuliko yote. Tiziano Siviero alikaa kiti cha kulia, kwa kuwa Lancia ina usukani kushoto, na alikuwa naye katika Argentina ya 1986, katika Safari zote mbili alizoshinda, na bado alikuwa naye Ugiriki mwaka 1993 walipokuwa Ford. Kazi yake ilianza kabla ya mashindano. Wawili hao walipita barabara zote kwa gari la mazoezi, dereva akitamka kila kona alivyoiona na msaidizi akiiandika kwa alama fupi: mkono gani, kali kiasi gani, inafunguka au inabana, kuna jiwe upande wa ndani au korongo mbele yake. Siku ya mashindano kazi yake ni kuyasoma hayo kwa sauti tulivu, sekunde chache kabla kona haijaonekana, huku kichwa kikigongagonga na daftari likiruka mapajani. Akiwahi mno dereva husahau. Akichelewa gari limekwisha kuwa mtoni.

Kwenye Safari ya wakati ule kulikuwa na mzigo zaidi, wa saa. Msoma ramani ndiye aliyejua dakika za kufika kila kituo, mahali mafundi walipokuwa wakisubiri, na kama kulikuwa na nafasi ya kupunguza mwendo bila kupata adhabu. Ule uvumilivu niliomsifia Biasion katika jibu la fundi wa Gerezani usingewezekana bila mtu wa pembeni kumwambia kwamba muda unaruhusu. Majina yao mawili huandikwa pamoja katika matokeo, nami nawaomba wasomaji wetu wayatamke pamoja. Kuhusu wewe mwenyewe, usingoje kuwa na gari. Chukua daftari, kaa kiti cha abiria katika gari la ndugu unayemwamini, mwende barabara moja ya vumbi taratibu, uandike kila kona, kisha mrudi uisome njia nzima bila kuinua macho. Utajua siku hiyo hiyo kama tumbo lako na sauti yako vinakubali.

*Ndugu mhariri, mimi ni dereva wa lori, napakia bandarini. Mwenzangu ananiambia huyo Mwitaliano wenu alimalizia kwenye malori. Ni kweli, au ananitania?*
– Dereva wa Kurasini

Ni kweli, ndugu yangu. Baada ya kuondoka Ford mwishoni mwa mwaka 1994, Biasion aligeukia mashindano ya jangwani, na gari lake likawa lori la Iveco EuroCargo. Akiwa nalo alishinda Kombe la Dunia la mashindano ya nyika kwa upande wa malori mwaka 1998 na tena mwaka 1999. Ameshiriki pia Dakar mara kadhaa. Wewe unayeijua kazi ya kulituliza lori kwenye mteremko utaelewa kuliko sisi kwa nini mtu wa aina yake hakupotea huko: uzito hauna msamaha kwa mwenye haraka, na mchanga laini humdai dereva ahisi kwa mgongo wake kabla hajaona kwa macho kwamba gurudumu linaanza kuzama.

Kwa Lancia wenyewe, mlango haukufungwa. Kiwanda kilipotengeneza tena gari la mashindano, Ypsilon ya mwaka 2024, kilimwita aje aliendeshe wakati linajaribiwa na kusema wapi pa kurekebisha. Alikuwa na miaka 66.